Santuri za Frank Humplick na Dada Zake: Usafishaji wa Sauti na Uhifadhi wa Maneno

Nyimbo za Kiswahili zilizotiwa katika santuri ni sehemu ya fasihi ya lugha hii, ijapokuwa hazikuandikwa kwa wino. Jambo hili si geni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 1958 jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki lilichapa, kama nyongeza yake, Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, juu ya maisha ya mwimbaji wa Unguja ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Tangu siku hizo imekubalika kwamba maisha ya mwimbaji yastahili kalamu ya mtaalamu. Walakini santuri zenyewe, yaani sahani nyeusi zilizobeba maneno kama yalivyotoka kinywani, zimepata nafasi ndogo sana katika uchunguzi wa lugha.

Katika miaka ya karibuni santuri nyingi za kale za Afrika ya Mashariki zimetafutwa, zikasafishwa sauti na kutolewa upya katika sahani kubwa za vinili. Miongoni mwake zimo nyimbo za Frank Humplick wa Moshi, alizoziimba pamoja na dada zake wawili katika miaka ya 1950. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi ya usafishaji inavyofanywa, ni nini hupatikana na ni nini huweza kupotea ndani yake, na ni kazi gani inayowabakia wenye Kiswahili baada ya fundi wa sauti kumaliza yake. Hoja yake kuu ni kwamba sauti iliyosafishwa bila ya maneno yake kuandikwa na kufafanuliwa ni nusu ya hifadhi tu. Na tena, usafishaji usio na hadhari huweza kufuta zile alama za matamshi ambazo mchunguzi wa lugha anazihitaji kuliko zote.

1. Mwimbaji na mji wake

Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927, mama yake akiwa Mchaga na baba yake Mzungu. Alifariki mwaka 2007. Aliimba na kupiga gitaa, na dada zake, Thecla Clara na Maria Regina, waliimba pamoja naye kwa sauti zilizopangwa juu ya yake. Kundi lao likajulikana kwa jina la Frank na Dada Zake. Sifa zao zilifika Nairobi, ambako biashara ya santuri ilikuwa imeshamiri, na Frank akawa katika kundi la wapiga gitaa mashuhuri wa wakati ule, kama vile Fundi Konde wa pwani ya Kenya na Edouard Massengo aliyetoka Kongo.

Mji uliowalea haukuwa mji wa pwani wala kijiji cha mlimani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa njia hiyo walikuja makarani, mafundi, wachuuzi na vibarua wa makabila mengi. Juu ya mji, katika vihamba vya migomba na kahawa kutoka Machame na Kibosho mpaka Marangu na Rombo, watu walisema Kichaga. Na Kichaga chenyewe si lugha ya namna moja. Derek Nurse, katika uchunguzi wake uliochapwa mwaka 1979, alionyesha jinsi lahaja hizo zinavyopishana, hata watu wa upande mmoja wa mlima waone taabu kuwafahamu wa upande wa pili. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya kumwambia mgeni tu. Kilikuwa pia lugha ambayo mtu wa Rombo na mtu wa Machame waliweza kukutana nayo sokoni au katika ofisi za chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 bei ya kahawa ilikuwa nzuri. Wakati huo huo, mwaka 1951, kituo cha redio kilianza kazi Dar es Salaam. Palikuwapo basi masikio ya kusikiliza nyimbo za Kiswahili zilizotungwa na watu wa bara wenyewe. Nyimbo za Frank zilijibu haja hiyo. Wimbo uitwao Harusi umeenea hata ukawa kama mali ya kila mtu, na wengi wanaouimba leo hawamjui mtunzi wake. Wimbo mwingine, Yes-No, ulikuwa na historia ya namna nyingine. Mwanahistoria Mohamed Said ameeleza kwamba serikali ya kikoloni iliupiga marufuku katika miaka ya kwanza ya TANU, chama kilichoasisiwa Julai 1954. Serikali haikuuchukia mlio wa gitaa. Ilisikiliza maneno, ikayafahamu, ikayaogopa. Yeyote anayezitoa upya nyimbo hizi na kuzisifu kwa utamu wa sauti peke yake anawapa wasikilizaji wake kitu pungufu kuliko kile walichokipata maofisa wa mkoloni.

2. Sahani ya lakiri

Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika. Hazikufanywa kwa plastiki. Zilifanywa kwa unga wa mawe ulioshikwa pamoja na utomvu utokao kwa wadudu wadogo wa nchi za Bara Hindi na Siam, ambao ndio utomvu ule ule uliotumika kufanyia lakiri ya kutilia muhuri barua na vifurushi. Kwa hiyo ni sahihi kuziita sahani za lakiri. Sahani hiyo ni ngumu, lakini ikianguka huvunjika kama chungu. Sahani ya inchi 10 yachukua wimbo wa dakika 3 hivi kila upande, na kipimo hicho ndicho kilichowafunza watunzi wa Afrika ya Mashariki ufupi: beti chache, kiitikio, gitaa kidogo katikati, kisha mwisho.

Sauti imeandikwa katika mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu cha sahani. Mfuo huo huyumba kushoto na kulia kwa kufuata mitetemo ya sauti, na sindano ikipita ndani yake huyumba vivyo hivyo. Sindano za chuma za gramafoni zilipasa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Ilipotumiwa moja kwa nyimbo nyingi, ncha yake ilichakaa, ikaanza kukwangua kuta za mfuo. Kilichokwanguliwa kwanza ni mayumbo madogo madogo kabisa, yaani yale yaliyobeba mitetemo ya juu. Sahani iliyopendwa sana na kuchezwa kila jioni ndiyo iliyoharibika zaidi. Na ile iliyobaki nzima aghalabu ni ile ambayo mwenyewe hakuijali.

Sahani ya vinili ilikuja baadaye. Kampuni ya Columbia ya Marekani iliitoa mwaka 1948, ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande wa sahani ya inchi 12 ukichukua dakika 20 na zaidi. Mfuo wake ni mwembamba sana: sindano yake ina ncha ya sehemu moja katika elfu ya inchi, hali ile ya sahani ya lakiri ni sehemu tatu. Ndiyo maana santuri ya kale haiwezi kuchezwa sawasawa kwa sindano ya mashine ya kisasa; ncha ndogo huzama chini ya mfuo, mahali palipojaa vumbi, isiguse kuta zenye sauti.

3. Kazi ya fundi wa sauti

Kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Mississippi Records ni miongoni mwa zile zinazotoa upya nyimbo za namna hii, nayo imetoa mkusanyo wa nyimbo za kundi la Moshi katika sahani ya vinili kwa jina la Kiingereza, Frank and His Sisters. Ili msomaji afahamu kinachotokea kati ya sahani ya kale na sahani mpya, yafaa hatua za kazi hiyo zielezwe kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kutafuta nakala. Mahali ambapo vibao vya chuma vilivyotumika kufyatulia santuri vimekwisha potea, hapana asili nyingine ila sahani zilizobaki mikononi mwa watu. Fundi hutafuta nakala nyingi za wimbo mmoja kadiri awezavyo, kwa sababu palipochubuka katika nakala hii huenda pakawa salama katika ile.

Hatua ya pili ni kuiosha sahani kwa maji yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Spiriti haitumiki hata kidogo, kwa kuwa huyeyusha lakiri; mtu asiyejua huweza kuiangamiza santuri kwa nia ya kuitakasa.

Hatua ya tatu ni kuchagua sindano inayolingana na mfuo, na kuchagua mwendo. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila santuri iliyoandikwa 78 ilitiwa sauti kwa mwendo wa 78 barabara. Sahani ikizungushwa mara 82 au 83 badala ya 78, wimbo wote hupanda karibu nusu sauti, na mwimbaji wa makamo husikika kama kijana. Fundi hupima kwa sikio, kwa milio ya gitaa, na kwa kulinganisha sahani za kipindi kimoja. Lakini gitaa haliwezi kuwa shahidi wa mwisho, kwa maana mpigaji aweza kulilegeza au kulikaza apendavyo.

Hatua ya nne ni kurudisha mizani ya sauti. Wakati wa kutia sauti, mitetemo ya chini ilipunguzwa kusudi mfuo usiyumbe mno, na ya juu ikaongezwa kusudi ishinde mkwaruzo wa sahani. Mashine ya kuchezea hupasa kugeuza kinyume. Kanuni moja ya kazi hiyo, iliyotokana na chama cha wafanyaji santuri cha Marekani, ilianza kutumika kwa wingi kuanzia mwaka 1954; kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na desturi yake. Nyimbo za Frank zimeangukia mpakani mwa nyakati hizo mbili.

Hatua ya tano ndiyo iitwayo usafishaji hasa, nayo siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Programu hutafuta mipasuko mifupi inayotokana na mikwaruzo na kuiondoa, kisha huzibia pengo kwa kukisia sauti iliyokuwapo. Halafu hupunguza ule mvumo usiokoma, kama wa mvua ya mbali, utokao katika chembe za mawe zilizo ndani ya sahani. Mwishoni sauti husawazishwa, nyimbo hupangwa, na sahani mpya hukatwa.

4. Vinavyoweza kupotea pamoja na mkwaruzo

Hapa ndipo fundi wa sauti na mchunguzi wa lugha wanapohitaji kusikilizana. Mvumo wa sahani umeenea katika mitetemo yote, lakini humwudhi msikilizaji zaidi katika ile ya juu. Na katika mitetemo hiyo hiyo ndimo zilimo konsonanti za mkwaruzo za Kiswahili. Nguvu ya s imo zaidi juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Ile ya sh huanza chini kidogo. F na th ni dhaifu na zimetawanyika. H ni pumzi tu. Kompyuta haina kamusi. Haijui kwamba mvumo huu umetoka kwenye unga wa mawe na ule umetoka kati ya ulimi na meno ya mwanadamu. Ikiamrishwa kupunguza mno, hupunguza vyote viwili.

Katika Kiswahili hasara hiyo si ndogo. Sindano na shindano zimetengwa kwa konsonanti moja. Saka na shaka vivyo hivyo. Mtu akisikia katika santuri iliyofifia kwamba msichana anashuka, atamwona akiteremka mlimani kwenda mjini. Na huenda aliyeimba alisema anasuka, msichana akiwa ameketi na nywele za mwenziwe mapajani. Mfano huu umebuniwa kwa ajili ya maelezo, wala haukutolewa katika wimbo wowote. Lakini kila aliyejaribu kuandika maneno ya santuri za kale amekutana na ndugu zake.

Kuna hasara nyingine isiyogusa maana ya wimbo ila inagusa historia ya lugha. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati iliyoundwa mwaka 1930, kina sauti za th, dh na gh zilizokuja pamoja na maneno ya Kiarabu. Inajulikana kwamba watu wengi wa bara huzitamka s, z na g, hata thamani ikasikika kama samani. Lakini lini, wapi na kwa nani matamshi hayo yalikuwa ya kawaida? Vitabu haviwezi kujibu, kwa sababu aliyeandika alifuata tahajia aliyofunzwa shuleni hata kama ulimi wake ulikwenda njia nyingine. Santuri zaweza kujibu. Sahani iliyotiwa sauti na vijana waliolelewa Moshi katika miaka ya 1930 na 1940 ni ushahidi adimu wa Kiswahili cha mji wa bara, kilichosemwa na watu waliokuwa nacho tangu utotoni pamoja na lugha ya mlimani. Na ushahidi wenyewe umo katika sehemu ile ile ya sauti ambayo usafishaji huigusa kwanza.

Vipasuo navyo vina hatari yake. P, t na k huanza kwa mlipuko mfupi sana, na mlipuko huo, machoni pa kompyuta, hufanana na mpasuko wa mkwaruzo. Programu iliyokazwa kupita kiasi huupunguza, na pamoja nao hupunguza mguso wa kidole juu ya uzi wa gitaa. Msikilizaji husema sauti imekuwa laini. Mchunguzi anayetaka kujua kama mwimbaji alitia pumzi katika t yake, kama watu wa mwambao wanavyofanya katika baadhi ya maneno, hukuta mlango umefungwa.

Hata sahani ya vinili yenyewe ina tabia yake. Kadiri mfuo unavyokaribia kitovu, ndivyo sindano inavyopita polepole zaidi juu yake, na ndivyo s kali zinavyokuwa vigumu kukatwa bila kukwaruza. Fundi huzifinya kidogo. Kwa hiyo wimbo uliowekwa mwisho wa upande husikika tofauti na ule uliowekwa mwanzo, hata kama wote wawili walitia sauti siku moja katika chumba kimoja.

Haya hayasemwi ili kuwalaumu mafundi. Wao humtumikia msikilizaji anayetaka kuufurahia wimbo, na bila ya kazi yao nyimbo nyingi zingebaki katika masanduku ya watoza vitu vya kale. Linalotakiwa ni jambo dogo: kwamba nakala ya kwanza, iliyochukuliwa kutoka kwenye sahani kabla ya kusafishwa, isifutwe, ihifadhiwe pamoja na ile iliyosafishwa. Nakala ya pili ni ya kusikiliza. Ya kwanza ni ya kuchunguza.

5. Maneno na maana zake

Baada ya sauti hufuata maneno. Jina la kundi lenyewe latoa funzo la kwanza. Kwa Kiingereza limekuwa Frank and His Sisters, na tafsiri hiyo ni sahihi kwa Mwingereza. Walakini katika Kiswahili cha zamani cha mwambao neno dada lilielekea zaidi kwa ndugu wa kike aliye mkubwa, na mwanamume alimwita ndugu yake wa kike, mkubwa au mdogo, umbu lake. Bara, umbu halikushika. Dada likaenea hata kumchukua kila ndugu wa kike, bila ya kuuliza nani alizaliwa kwanza. Tena sarufi ya jina hilo ni ya kutazamwa. Husemwa dada zake, kwa upatanisho wa ngeli ya majina yasiyobadilika, lakini husemwa dada zake wanaimba, kwa upatanisho wa viumbe vyenye uhai. Kanuni mbili zimekaa katika tungo moja bila kugombana, na msemaji hazioni. Jina la kundi la muziki limehifadhi jambo ambalo wanafunzi wa sarufi hulijadili kwa kurasa nyingi.

Funzo la pili limo katika jina la wimbo uliokwisha tajwa, Harusi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu halianzi kwa h. Huanza kwa sauti ya koo iitwayo ain. Kiswahili hakina sauti hiyo, kwa hiyo wasemaji wengine waliiacha wakasema arusi, na wengine wakaweka h mahali pake. Kamusi zatambua sura zote mbili. Aliyeandika jina la wimbo alichagua moja. Je, waimbaji walitamka ipi? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kutazama karatasi ya jina iliyobandikwa katikati ya sahani. Hujibiwa kwa sikio, katika nakala ambayo pumzi ya h haijafutwa pamoja na mvumo.

Funzo la tatu ni la l na r. Wimbo mwingine mashuhuri wa Frank waitwa Kolokolo. Katika lugha nyingi za Kibantu l na r hubadilishana nafasi, na katika Kiswahili cha watu wa bara pia. Neno likiandikwa kwa l, msomaji wa mbali hulitafuta katika kamusi kwa l. Huenda kumbe linajulikana mahali fulani kwa r, au lina maana ya mtaani ambayo haikuingia katika kamusi yoyote. Maneno ya namna hii hayafafanuliwi na mtu aliyeketi maktaba peke yake. Hufafanuliwa na wazee waliokuwa vijana Moshi wakati wimbo ulipotoka, waliojua ulimsema nani na kwa nini watu walicheka.

Hadhari moja yafaa itajwe. Kuimba si kusema. Muziki hurefusha irabu zisizo ndefu, na huweza kuuhamisha mkazo kutoka silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pake pa kawaida, kuupeleka penye pigo la gitaa. Kwa hiyo mchunguzi asitoe hukumu juu ya mkazo kwa ushahidi wa wimbo. Lakini mambo mengine wimbo huyaonyesha wazi kuliko mazungumzo. Mathalani, m ya mtu na n ya nchi husemwa kuwa ni silabi kamili. Mwimbaji akiipa m noti yake mwenyewe, amethibitisha jambo hilo bila kukusudia. Na akisema mutu, ametoa habari nyingine yenye thamani ile ile.

6. Namna ya kuzihifadhi

Yapo mambo manne ambayo, yakifuatwa, yangeufanya mkusanyo wa nyimbo za kale uwe hazina ya wenye lugha na pia burudani ya wanunuzi wa mbali.

La kwanza, maneno ya kila wimbo yaandikwe yote kwa Kiswahili, kabla ya kutafsiriwa. Waandishi wawe wawili wasiosikilizana: mmoja mtu mzima wa Moshi au wa vihamba vya mlimani, wa pili msemaji wa mwambao. Kila mmoja aandike asikiavyo, kisha maandishi yalinganishwe. Mahali wanapokubaliana pana uhakika. Mahali wanapotofautiana pawekewe alama, yasichaguliwe maneno kwa kuwa yanapendeza. Shaka iliyoandikwa ni bora kuliko uhakika wa kubuni, kwa sababu mwingine aweza kuja baadaye na nakala safi zaidi akaiondoa.

La pili, namba za santuri za asili zihifadhiwe. Katika sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya jina hupatikana namba iliyochorwa kiwandani. Namba hiyo husaidia kujua utaratibu wa kutia sauti na nyimbo zipi zilikuwa mgongo kwa mgongo katika sahani moja. Mkusanyo mpya huzipanga nyimbo kwa uzuri wa kusikiliza, na hapana ubaya. Ila utaratibu wa kwanza usipotee.

La tatu ni haki za mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi hudumu muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Frank Humplick zina wenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2057. Wimbo unaoimbwa na kila mtu si lazima uwe hauna mwenyewe, na kumtaja mtunzi wa Harusi kila unapotolewa ni haki ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote kulipwa.

La nne, nakala zirudi. Sahani ya vinili hununuliwa Ulaya na Marekani na watu wenye mashine za kuichezea. Moshi wengi husikiliza kwa simu. Si kosa la mtu. Lakini nakala ya sauti isiyosafishwa, nakala iliyosafishwa, na maandishi ya maneno yake vingewekwa katika chuo kikuu na katika nyumba ya kumbukumbu ndani ya nchi, mwanafunzi wa Kibosho asingelazimika kuandika barua ng'ambo ili asikie jinsi watu wa mji wake walivyosema Kiswahili. Upo mfano wa zamani wa kuigwa. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akinasa ngoma na nyimbo, na kwa kuwa aliandika mahali, ala na jina la kila kabila, kazi yake hutumika mpaka leo. Biashara ya santuri haikuacha kumbukumbu kama hizo. Kwa hiyo pengo lake hupasa kuzibwa na watu.

Na watu wenyewe wanapungua. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955 alizaliwa mwaka 1940. Sahani ya lakiri, ikiwekwa wima mahali pakavu, yaweza kungoja fundi miaka 100 mingine, na kompyuta za kesho zitasafisha vizuri kuliko za leo. Mzee anayejua kwa nini wimbo fulani uliwaudhi wakubwa, au neno fulani lilikuwa na maana gani katika mtaa fulani wa Moshi, hawezi kungoja. Kazi ya mashine yaweza kufanywa mwaka ujao. Kazi ya kuuliza na kuandika ndiyo inayotangulia, nayo haihitaji ila daftari, kalamu, nakala ya wimbo, na mtu mwenye adabu ya kukaa na mzee mpaka wimbo uishe.